Mjukuu Aliyetujua kwa Miguu

Mjukuu wangu alikuwa anawajua watu kwa miguu. Nyuso hakuzishughulikia. Ukimwuliza nani kapita hapa na mbuzi, atakwambia, "Yule wa kidole kilichopanda kingine," nawe ukienda kuuliza utakuta ndiye. Wavaa katambuga aliwajua kwa jinsi tairi lilivyolika. Mimi alinijua kwa ufa wa kisigino cha kushoto, ambao haujafunga tangu nikiwa mama wa watoto wadogo.

Nasema alikuwa, lakini yu hai. Yuko na mama yake Geita mjini, Kalangalala. Mimi nipo huku kijijini, Shinyanga, na shingo yangu iko mahali pake. Shingo hii ilipona kwa macho ya mtoto yule. Nitasema ilivyokuwa, maana nimesikia wengi wakisimulia mambo ya namna hii na kila mmoja hujiweka upande mzuri. Mimi upande huo sina.

Binti yangu alikuwa mama ntilie Rwamgasa, kwenye machimbo. Alipikia wachimbaji wali na maharage, na mmoja wao ndiye aliyezaa naye huyu mtoto. Mtoto hajatambaa, baba akasikia dhahabu imetoka kwingine, akafunga begi. Sina neno naye. Wanaume wa dhahabu ni kama nzige, huwezi kumlaumu nzige mmoja.

Chumba walichopanga kilikuwa hatua chache kutoka kwenye karasha. Asiyeijua karasha, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pipa la chuma lenye gololi za chuma tumboni, linazunguka tangu alfajiri mpaka jua lizame. Ukisimama karibu nalo meno yanacheza. Watoto wengine wa pale walilala usingizi karasha ikinguruma. Huyu alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anagonga kichwa ukutani. Miaka minne ikafika hajasema neno. Wapangaji wenzake wakamwambia binti yangu mtoto amechezewa. Ndipo akamleta kwangu.

"Mama, kaa naye mpaka aizoee dunia."

"Dunia haizoeleki," nikamwambia. "Lakini mwache."

Kwangu kulikuwa kimya. Ng'ombe watano, kuku, uzio wa minyaa, basi. Mvua mbili zikapita, siku moja ninamenya viazi vya michembe, vile vya kukata na kuanika, mtoto amekaa chini mbele yangu, nikasikia, "Mbigili." Neno lake la kwanza. Si mama wala bibi. Mwiba ulikuwa kwenye kisigino changu na yeye ndiye aliyeuona. Nikachomoa pini niliyokuwa nimebania khanga, nikampa nione atafanya nini. Akautoa ule mwiba bila kunitoa tone la damu. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Jua likielekea kushuka nanyoosha miguu, anaikagua kama mtu anayekagua pamba, akikuta mwiba anatoa, asipokuta anasema, "Hakuna," anaondoka.

Maneno yakaanza kuja. Machache, lakini hakuna lililokuwa la bure. Nawajua watu wazima wasioweza kusema hivyo juu yao wenyewe.

Kuhusu macho, mimi sikuona kasoro. Huku kwetu mtoto wa kike akimwamkia mkubwa anapiga goti na anatazama chini. Anayekukodolea tunasema ana macho makavu, na lawama ni ya aliyemlea. Mjukuu wangu alipiga goti, akatazama vidole vya mtu, akasema, "Shikamoo," na hakuinua macho hata goti likiwa limekwisha inuka. Wageni wakanisifu, wakaniita mayu, yaani mama. "Mayu, huyu umemlea." Nikapokea sifa ile. Niliivaa kama kitenge kipya, na haikuwa yangu. Mtoto hakuwa anatazama chini kwa adabu niliyomfundisha. Alikuwa anajiokoa, nasi tukampigia makofi.

Shule ndiyo iliyokuja kunionyesha. Mwalimu wake alikuwa msichana kutoka mjini, na mjini mambo ni mengine. Kule anayetazama chini ni mwongo au mzembe. "Niangalie ninapokusemesha!" Mtoto anageuza shingo. Fimbo ya mkono. Kesho tena. Mwalimu akaniita, akanieleza kwa heshima kabisa kwamba mtoto ana kiburi na nikimwacha hivi atakosa maisha. Nami nilisoma mpaka darasa la nne tu. Mwalimu akisema nilikuwa naona kasema.

Nikaamua kumfundisha nyumbani. Nilimshika kidevu, nikamwinua uso, nikasema, "Niangalie kwanza ndipo ule." Alifumba macho. Nikatenga sahani pembeni. Siku ya kwanza akalala na njaa. Siku ya pili akanywa maji. Siku ya tatu mchana mimi mwenyewe nilikuwa sina hamu ya kula, nikakaa naye jikoni.

"Mimi nakula watu?" nikamwuliza.

Akazidi kuinama.

"Nauliza, nakula watu?"

"Hapana, bibi."

"Basi mbona hutaki kuniangalia?"

Alikuwa anatazama figa. Nami kwa bahati sikurudia swali.

"Macho ni karasha," akasema.

"Karasha ya wapi?"

"Ya kwa mama. Ukiniangalia inawaka. Halafu maneno yako siyasikii."

"Yanauma?"

"Yanaingia. Yote yanaingia. Nikiangalia miguu, namsikia bibi anasema nini."

Mimi si mtu wa kuamini kila kitu anachosema mtoto. Nikampima. Nikamgeuzia mgongo kabisa, nikaelekea ukuta, nikasema, "Kafunge ndama, kisha uchote unga kibaba kimoja kwenye debe jekundu, kisha umwambie jirani arudishe chungio langu." Mambo matatu. Mwalimu alikuwa ameniambia hawezi kushika hata moja. Alikwenda akafanya yote matatu kwa mpangilio ule ule, na chungio likarudi likiwa limeoshwa.

Nikamsogezea sahani. Nikasema, "Sitakushika uso tena."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

"Hata keshokutwa?"

"Hata keshokutwa. Kula."

Nikaenda shuleni nikamwambia mwalimu ampige mgongo akitaka, lakini macho amwachie. Mwalimu alicheka kidogo, akaacha vyote viwili. Hakuwa mtu mbaya. Miaka kama mitatu ikapita hivyo, na ndiyo iliyokuwa mizuri.

Sasa nije kwa jirani. Ng'ambo ya minyaa yangu alikuwa anakaa mke kijana, mchapakazi, mtu wa kukusalimu ukiwa bado mbali. Alizika mtoto wa kwanza. Akapata wa pili. Nilikwenda kumpa pole ya uzazi na uji wa ulezi, nikamfunua mtoto uso, nikasema, "Huyu ni mzuri." Mtoto hakumaliza mwezi. Aliyezika wawili anatafuta kitu cha kushika, na akikosa kitu anashika mtu. Nilijua hivyo hata wakati ule na najua hivyo leo, sikumchukia.

Mume wake akaenda kwa mganga. Yule mganga hupasua kuku akasoma ndani yake. Serikali imepiga marufuku ramli za namna hiyo, na kila mtu huku anajua zimepigwa marufuku, na kila mtu anajua njia ya kwenda. Kuku akasema: mwanamke, jirani, macho.

Macho yangu ni mekundu. Kuni huku zilikwisha zamani. Tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake hauna huruma. Nimekaa kwenye moshi huo tangu nikiwa binti wa kuolewa. Hakuna bibi wa rika langu mwenye macho meupe, labda tajiri. Lakini mbele ya watu wanaotafuta, macho mekundu ya bibi kizee yanatosha kuwa ushahidi wote. Rafiki yangu wa usichana, tuliyekuwa tunavuna naye pamba tukiimba, aliolewa kijiji cha tatu kutoka hapa. Alikuwa na macho kama haya yangu. Walimkuta asubuhi uani kwake. Walivyomkuta sitasema. Nilikwenda mazishini, na waliobeba jeneza sikuwa na hakika nao.

Kwa hiyo dalili nilizijua zilipoanza. Kinu changu hakikuazimwa tena. Wamama wakawa wanawavuta watoto wao pembeni ya njia nikipita. Asubuhi moja nikakuta kuku mlangoni hana kichwa. Nikamzika, sikumwambia mtu.

Kisimani mmoja akasema kwa sauti, "Mpisheni bibi achote kwanza. Sisi wengine bado tunataka kuishi." Wakacheka. Mimi mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nikamjibu, "Ningekuwa naua kwa macho ningeanza na wewe, na mdomo huo." Wakacheka tena, safari hii pamoja nami, nami nikajiona nimeshinda. Nilipofika nyumbani ndoo ikiwa bado kichwani, ndipo nikajua nilichokisema.

Wiki hiyo hiyo likatokea jingine. Mjukuu wangu alikuwa amenifuata kisimani, na mtu akasema, si kwa kucheka sasa, "Mmemtazama yule mtoto? Hamwangalii bibi yake. Hata mara moja. Yeye ndiye anayelala naye. Ameona nini humo?"

Goti lile lile, macho yale yale chini. Jana yalikuwa adabu, leo yamekuwa ushahidi.

Ningeweza kuondoka. Binti yangu alituma ujumbe niende Rwamgasa. Lakini kule kulikuwa na karasha, na mtoto ningempeleka kwenye kelele ile ile iliyomleta. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka kuacha nyumba, na kaburi la mume wangu liko nyuma ya zizi, na nilikuwa nikiona kwamba mtu asiye na kosa hakimbii. Ujinga. Rafiki yangu naye hakukimbia.

Sungusungu wakaniita. Jumamosi asubuhi, kwenye ghala la zamani la pamba. Wanaume na fimbo zao, wanawake upande wa ukuta. Mtemi wao, yaani mkuu wa sungusungu, nilimkata kitovu mwenyewe siku aliyozaliwa. Alisimama akakohoa.

"Mayu, hapa hakuna aliyelisema neno lile. Serikali hailitaki. Tunauliza mambo ya ujirani tu."

"Ulizeni."

"Kisimani ulisema utaua mtu kwa macho?"

"Nilisema ningekuwa."

"Ah, ningekuwa!" mtu akadakia nyuma.

Mzee mmoja mlevi akasema, "Mke wangu ananiahidi hivyo kila siku, na mnaniona, bado nakula ugali." Watu wakacheka sana, kicheko cha watu walioshikwa pumzi. Nikaona labda jambo litaishia hapo. Ndipo yule mke kijana akasimama. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mimi nataka kitu kimoja," akasema. "Mjukuu wake amwangalie. Mtoto hana uongo. Kama ndani ya macho yale hakuna kitu, mtoto aliyemlea mwenyewe atashindwaje kumwangalia? Amwangalie hapa, tuone. Akimwangalia mimi nanyamaza, namwamkia kama zamani."

"Mtoto huyu hamwangalii mtu yeyote," nikasema. "Hata wewe hakuangalii."

"Mimi si bibi yake."

Watu wakaitikia. Ni kweli, wakasema, hayo ni maneno. Mtemi akageuka kwangu, na nikaona amefurahi, maana amepata njia ya kutoka bila kuniua.

"Na asiponiangalia?" nikauliza.

Kijana mmoja alikuwa anagongagonga fimbo kwenye katambuga yake. Tak, tak. Hicho ndicho nilichosikia.

Mtoto alikuwa amekaa kando ya ukuta, na ninalolikumbuka mpaka leo ni kwamba alikuwa na furaha. Miguu mingi namna ile mahali pamoja hajapata kuiona. Alikuwa anaipitia safu kwa safu, midomo inacheza. Nikamwita. Akaja, akapiga goti kama ilivyo desturi, mbele ya watu wote.

"Niangalie," nikasema.

Akatazama ufa wa kisigino changu.

"Bibi, ulisema hata keshokutwa."

Aliposema hivyo nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kusema, basi, fanyeni mnalotaka. Wako wanaonieleza kwamba nilifanya kwa ajili yake, kwamba ningekufa angebaki na nani. Nawaambia hapana. Wakati ule sikumfikiria kabisa. Nilikuwa nasikia ile fimbo kwenye katambuga.

Nikamshika uso kwa mikono miwili, vidole nyuma ya masikio, nikauinua. Alifumba. Nikasema kwa sauti aliyoijua, sauti ya mambo yasiyo na mjadala, "Fumbua." Na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote niliowalea, akafumbua.

Sikuwa nimewahi kuyaona macho ya mjukuu wangu. Alikuwa na miaka tisa. Jicho la kulia lina doa dogo kama mbegu ya ufuta. Mtemi alikuwa amesema tukae hivyo mpaka agonge fimbo chini. Sina saa, nadhani ni muda wa kuamkiana na mgeni, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mpaka mwisho. Hakulia wala hakujaribu kunikwepa. Nilimshika, naye akakaa ndani ya mikono yangu, na kitu fulani katika uso ule kikawa kinakwenda mbali ingawa macho yako wazi. Kisha akaanza kutoa sauti puani, chini kabisa, na haikukatika. Watu walidhani anaimba. Mimi nilijua ni nini. Alikuwa ananguruma kama karasha. Damu ikamtoka mdomoni alipojiuma. Halafu nikasikia miguu yangu imelowa maji ya moto, na hata hapo sikuachia.

Mtemi akagonga.

"Kaangalia!" watu wakapiga kelele. "Kaangalia!" Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Yule mke kijana akaja akapiga goti palipolowa, akainamisha macho yake, akasema, "Shikamoo, mayu."

"Marahaba," nikasema.

Ametimiza neno lake. Hakuna kuku mwingine aliyeletwa mlangoni. Kinu kinaazimwa. Alipata mtoto wa tatu, yu hai, anakimbia. Mimi sijamfunua uso hata siku moja. Kijiji kilisahau baada ya mvua moja. Mtemi akinikuta njiani ananitania, "Mayu, uliponea chupuchupu," na mimi namjibu kwamba ningekwenda na yeye.

Siku ile mtoto alirudi nyumbani nyuma yangu, hatua kumi hivi. Alikuwa na tabia ya kukanyaga nilipokanyaga. Safari hii alitembea kando, kwenye majani. Jua lilipoelekea kushuka nikanyoosha miguu uani, nikaweka pini juu ya khanga. Hakuja. Nikasema ni ukaidi, utakwisha. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Jirani akimwuliza neno anajibu. Ng'ombe anawasemesha. Mimi, hata moja. Nikiingia jikoni anaziba masikio. Mgeni angedhani mtoto hataki kusikia maneno, lakini maneno nilikuwa sisemi. Kwake macho yangu yalikuwa yanawaka hata nikiyafumba, na alikuwa na haki, maana nani angemhakikishia yatazimika lini? Mimi?

Binti yangu alipokuja alikuwa amehama Rwamgasa, amepata kibanda cha chakula Kalangalala, mbali na mashine. Akamkuta mtoto hivyo.

"Mama, kumetokea nini?"

"Hakuna."

Akamchukua. Wakati wa kuondoka mtoto alipiga goti akatazama miguu yangu. Midomo haikucheza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Geita. Binti yangu alikuwa amepata siku ya kumpeleka mtoto hospitali kwa mtaalamu, mama mmoja wa makamo, akasema niende nami kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea. Yule mama aliketi ubavuni mwa mtoto, si mbele yake, akatoa vifuniko vya chupa, wakavipanga wote wawili kimya. Nilipoona alivyoketi nikajua huyu anajua. Baadaye akatueleza. Akasema linaitwa usonji. Akasema mtoto huzaliwa nalo, si laana, si kuchezewa, si malezi. Akasema wapo wengi ambao jicho la mtu linawaletea mambo mengi kwa pamoja kiasi kwamba kichwa hakina pa kuyaweka, na wakiruhusiwa kutazama pembeni wanasikia vizuri zaidi. Binti yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Mimi sikulia. Yale yote nilikuwa nimeambiwa jikoni kwangu miaka minne nyuma, kwa maneno machache zaidi, na aliyeniambia nilikuwa nimemnyima chakula siku mbili.

Kisha mama yule akauliza, "Kuna mtu aliwahi kumlazimisha? Kumshika?"

"Hapana," binti yangu akasema upesi.

"Bibi?"

Nilikuwa natazama viatu vyake. Vyeusi, vya mkanda, kisigino kimeliwa upande wa nje.

"Bibi, mbona umeinama?"

"Mimi ndiye," nikaviambia vile viatu. "Nilimshika uso mbele ya watu."

Nikasema yote, kuanzia kuku mpaka vigelegele. Sikuinua macho mpaka nilipomaliza, na nilipoinua hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Binti yangu alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika kwake akaweka sufuria jikoni, akawasha moto, kisha akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Mama, uliogopa kufa?"

"Ndiyo."

"Na miaka yako yote hiyo?"

"Hata na miaka yangu yote hiyo."

Akakoroga sufuria. Hajaniuliza tena, na hajasema amenisamehe, nami sijamwomba.

Nakwenda Geita kila baada ya mavuno. Nimejifunza kukaa. Naweka mkeka ubavuni mwa mtoto, mbali kidogo, natazama anakotazama. Nachambua maharage ya kibandani. Simsemeshi. Sasa ni msichana mrefu, anapanga vyombo vya mama yake kwa ukubwa, na wateja anawajua kwa viatu. Kuna dereva wa bodaboda anayebadili ndara kwa makusudi ili ampoteze, na hajafaulu. Msichana anamwambia, "Umeazima." Nimemsikia. Sauti yake imekuwa nzito.

Safari ya mwisho nilishuka stendi na kandambili zilizotoboka, na uwanja wa pale una mbigili. Nilifika kibandani nachechemea. Nikaketi kwenye mkeka wangu, nikanyoosha miguu kama ilivyo mazoea ya mwili, si kwa kutega. Mtoto alikuwa anafuta sahani. Mkono ukasimama. Alikuwa ameona mwiba, kwenye kisigino cha kushoto, kando ya ule ufa.

Aliutazama muda mrefu. Nikayafumba macho yangu, nikageuza na uso ukutani kwa usalama zaidi. Nikasikia anainuka, anaingia ndani, anapekua kwenye kopo. Nikasikia anarudi. Nikasubiri kushikwa mguu.

Nilipofumbua, alikuwa amekwisha kurudi kwenye sahani zake. Pini ilikuwa chini kwenye saruji, ameiweka umbali ambao ningeweza kuifikia kwa kunyoosha mkono.

Niliichukua. Macho yangu siku hizi hayaoni kitu kidogo. Nilijichoma mara tatu, mara nne, damu ikatoka, mwiba ukakatikia ndani. Yeye alikuwa anafuta sahani huku anaisikiliza ile pini, najua alikuwa anaisikiliza. Nikaibania kwenye khanga, nikaendelea kuchambua maharage.